Pakiti ya Kijani

Chipu yetu ya vitasa vya milango ilisifiwa kwa mambo mawili. Inakula umeme kiduchu kwa kuwa muda mwingi imelala, na haidukuliki: ukishaifunga programu yake, hata sisi tulioitengeneza hatuwezi kuibadilisha tena. Ndiyo maana watu wenye akili huijaribu kwanza, ndipo huifunga.

Meneja Tsai alikuwa na haraka. "Majaribio ya nini tena? Wekeni pakiti."

Hapa Hsinchu, mji wa viwanda vya chipu Taiwan, kila mtambo huwekewa juu yake pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi ili utulie, usilete ukorofi. Dada Yu-fen wa mapokezi akatumwa dukani, pakiti ikawekwa, na chipu za shehena nzima zikafungwa.

Chipu zikalala vizuri sana. Kuamka, zikagoma. Mteja akapiga simu kwamba wapangaji wake wamelala nje ya nyumba zao. Kosa lilikuwa mstari mmoja wa programu, na sasa hakuna awezaye kuugusa.

Meneja akaitisha kikao. Akaigeuza ile pakiti, akasoma tarehe, akasikitika kama daktari. "Muda wake umekwisha. Nani aliinunua?"

Sisi wahandisi, na shahada zetu ukutani, tukatazama meza. Dada Yu-fen akaitwa, akapewa onyo mbele yetu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bosi, ulinituma pakiti ya kutuliza chipu," akasema. "Sasa niambie, ni chipu ipi ambayo haijatulia?"