Trela za Marehemu

Lori la kuvuta liliingiza karakanani trela iliyokatika shingo, na binti wa fundi akavaa glavu zake kama asubuhi nyingine yoyote. Babu yake alianzia hapo kwa mikokoteni. Baba yake ndiye aliyeanza kuunda trela, na kila iliyotoka mikononi mwake aliigonga chapa kwenye chasisi: nyundo mbili zilizopishana. Alipofariki, bintiye aliitumbukiza chapa ile kaburini kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa alifuta tope kwenye chuma, akaganda. Nyundo mbili zilikuwa pale, zinang'aa.

"Hii ni ya lini?"

"Mpya kabisa," alisema dereva, bega limefungwa bandeji. "Haijamaliza hata msimu. Mungu bariki nilikuwa nimeshalipita soko."

Binti aligonga chasisi kwa spana. Ililia kama debe. Baba yake asingekubali chuma hicho hata kwa banda la kuku.

Kabla ya adhuhuri akaja mkaguzi wa magari, kitambi mbele, tabasamu usoni. "Ichomelee, dada. Jioni irudi barabarani."

"Nani aliipitisha?"

"Nani mwingine? Mzee wako."

"Baba amekufa, bwana mkaguzi. Ulikuja mazishini."

"Nilikuja, na niliumia kweli. Lakini kwenye daftari la ofisi yetu bado yumo. Kila wiki anapitisha trela. Hajawahi hata kuchelewa."

Hakuwa akitania. Binti alimwona akilini baba yake akiamshwa huko alikolala, akishikishwa nyundo, asiambiwe zamu inaisha lini.

Akawasha moto wa gesi. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akidhani shingo inaungwa. Binti aliikata chasisi upande hadi upande, taratibu, mpaka trela ikaanguka vipande viwili na sakafu ikatetemeka.

Tabasamu likamtoka mkaguzi. "Tokeni wote! Nafunga. Patafunguliwa mzee akija ofisini mwenyewe kuweka dole gumba."

Akatia kufuli getini. Mama wa binti, mjane wa fundi, aliyekuwa akifagia chenga za chuma tangu asubuhi, aliegemeza ufagio ukutani, akajitanda mtandio, akamshika mkaguzi mkono.

"Mwenzangu hana miguu ya kuja, mwanangu. Twende nikupeleke kwake."

Mkaguzi alicheka kidogo, akavuta mkono. Mama hakuuachia.