Jagi Chini ya Kitanda

Kinyozi alimheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Miaka yote ya ndoa alimwamkia akitazama sakafu. Sasa we fikiria, ndiye huyo aliyeangukiwa na kazi ya kumuuguza, maana mke wake alikuwa ametoka kujifungua, na wodi ya ugonjwa ule haikuruhusu mtu mwenye kichanga.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mgeni. Watu walidhani ni wa kifua tu, kumbe kirusi kikitoka mapafuni kinashukia figo. Mama alipona kifua, homa ikaisha, sauti ikarudi, hata ukali ukarudi. Figo ndizo ziligoma, akawa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

"Damu inasafika," daktari alimwambia kinyozi koridoni, "lakini sijui ni kazi ya mashine au ya figo. Mkojo ndio utaniambia. Ijumaa jagi likiwa bado kavu, namwekea mpira wa kudumu wa kuunganishia mashine. Huenda akaitegemea mashine maisha yake yote."

Kinyozi akarudi wodini na jagi la plastiki lenye mistari ya vipimo. Basi mwanamume mzima, anayewapigia soga wateja kutwa, akakosa mdomo. Amwambie mama mkwe habari za mkojo? Alilisukuma jagi chini ya kitanda kwa mguu, akasema, "Mama, ni hilo hapo," akatoka kwenda kupunga upepo.

Kila asubuhi alichungulia. Kavu. Muuguzi akiuliza kama kuna chochote, yule bibi mgonjwa anamtupia mkwe jicho, kisha anatikisa kichwa. Kinyozi alikosa raha kabisa. Alimpenda yule mama, jamani; ndiye aliyemtetea siku wajomba walipocheka kwamba binti yao anaolewa na mkasi.

Alhamisi alitoka kwenda kununua maji, akafika mlangoni akakumbuka ameacha pesa. Kugeuka, anamwona bibi anajikokota kuelekea chooni, kashika ukuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili kaficha kitu ndani ya shuka kama mwizi wa kuku.

"Mama, umebeba nini?"

"Nenda zako, baba."

"Mama, tafadhali."

"Mkojo," akasema, akiugeukia ukuta. "Tangu juzi unatoka. Natumia jagi, namwaga, nafuta. Ulitaka nikuachie ubebe wewe, mume wa mwanangu? Si nitakufa kwa aibu."

Kinyozi akakaa sakafuni palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha, kwa mara ya kwanza, alimtazama usoni akamwambia yote: Ijumaa, mpira, mashine.

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Aibu, mama."

"Mjinga wewe," akasema bibi, akamkabidhi jagi.

Daktari alipima, akarudia kupima damu, akasema figo zimeamka. Mpira wa kudumu hautakuwepo, na mashine watamwachisha polepole. Kinyozi akatoka nje kumpigia mke wake.

"Mama yako amekojoa."

"Amekojoa kweli?"

"Nimelibeba jagi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Mke akaangua kilio mpaka kichanga kikaamka. Kinyozi hakukata simu. Aliegemea ukuta, akawasikiliza wote wawili wakilia.