Posta ya Saa Kumi Kasorobo

Jumanne ya pili ya Oktoba 1952, Nano Lehane wa kijiji cha Gortalassa, kule Cork, alikanda mkate wa magadi, akachukua kisu, akaukata alama ya msalaba juu kama wanawake wote wa huko wafanyavyo. Akauweka motoni. Kisha akanawa mikono, akatandaza gazeti la juzi mlangoni. Gazeti lilikuwa la miguu ya Jamesy Scannell, aliyepigwa risasi akafa Februari 1921, na ambaye tangu Pasaka ya mwaka huo wa 1952 alikuwa akileta barua kila siku saa kumi kasorobo alasiri.

Jamesy hakuwa na makuu. Alikuja kwa miguu, mfuko wa posta begani, umri wake ule ule wa miaka ishirini na sita, buti zikivuja maji ya kinamasi yenye rangi ya chai kavu. Barua zilifika na ukingo wa kahawia, lakini zilifika. Mama Cotter wa posta alisema hajaona mtu apangaye bahasha vizuri vile. Aliyenuna ni Dinny Coakley, tarishi aliye hai, mwenye baiskeli. Wala hakununa kwa sababu mwenzake ni marehemu. Alinuna kwa kuwa marehemu haombi likizo, na wakubwa wakishaonja utamu huo watataka matarishi wote wawe hivyo.

Barua za kawaida, kadi za Krismasi, salamu za watoto walioko Boston, hizo zilikuwa za Dinny. Jamesy alichukua zile tu zilizokuwa na mambo ya vita vya kumwondoa Mwingereza. Alizijuaje bila kuzifungua, hakuna aliyemuuliza. Mtu akiijua kazi yake unamwacha. Na kama alivyofundishwa zamani, alipokuwa tarishi hai, pasipo na barua hakusimama.

Hapo ndipo palipomuuma Nano. Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi Delia, dada yake Jamesy, mwenye miaka sitini na nne. Kila siku Delia alisimama nyuma ya nusu-mlango wake akijifuta mikono mikavu kwa aproni. Jamesy alipita, akamgusia kofia, akaenda zake. Hakuwa na barua yake. Nani amwandikie? Kwa miaka thelathini na moja Delia alikuwa dada wa msaliti. Kanisani alikaa benchi la mwisho peke yake, benchi la watu wanane. Watu hawakuwa wakatili, la. Walimsalimia kama unavyomsalimia mtu ukiwa umebeba ndoo mbili. Mwaka ule alijaribu kujiandikia mwenyewe barua ya salamu ili kaka yake asimame. Dinny ndiye aliyeileta.

Sasa, Nano mwenyewe aliwahi kuwa mtu wa maana katika vita hivyo. Akiwa na miaka ishirini alikuwa mpeleka habari wa wapiganaji, na habari alizioka ndani ya mikate. Ndiyo maana ofisi moja ya Dublin, iliyokuwa ikikusanya kumbukumbu za wapiganaji kabla hawajaisha, ilimwandikia. Aliyemwandikia ni Bwana Hession, mtu mpole mwenye mwandiko wa mlalo. Nano alimjibu barua kumi na moja, za bunduki zilizofichwa kwenye mizinga ya nyuki na baiskeli alizosukuma mvuani. Bwana Hession alizisifu zote. Habari ya mkate wa matanga haikuwemo hata katika moja.

Ya mkate wa matanga ni hii. Februari ile alifariki kikongwe mmoja wa jirani, na Nano akaoka mikate miwili: mmoja wa matanga, mmoja wenye karatasi ya kamanda ndani. Wa karatasi aliukata msalaba wenye mkono mmoja mfupi. Mama yake, haraka haraka, akapeleka matangani usio wenyewe. Na matangani huko kwetu hafukuzwi mtu, hata mke wa sajini wa polisi, hata vita vikiwa vimepamba moto. Mke wa sajini alikuja akasali, akakatiwa nusu ya mkate awapelekee watoto, na karatasi ilikuwa katika nusu hiyo. Kesho yake askari walikuwa wakiwangoja wapiganaji njia panda, na vijana wawili wakafa. Kamanda Batt Hegarty akauliza ni nani apitaye kambi ya askari kila siku na mfuko. Jamesy alichukuliwa akiwa kazini, akapigwa risasi kama msaliti. Mfuko wake ulikutwa umetundikwa mtini, barua zote zimo, hata moja haijafunguliwa. Nano aliyaona yote na akanyamaza, kwanza kwa hofu, baadaye kwa aibu, na mwishowe kwa mazoea, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote.

Mwezi Agosti aliandika barua ya kumi na mbili, akaeleza kila kitu mpaka kipimo cha magadi. Jamesy aliichukua, akamshukuru.

Wiki iliyofuata Batt Hegarty alikuja kwa gari. Sasa alikuwa diwani, mzee mnene anayependwa, na ofisi ilikuwa imemwandikia athibitishe. Alikunywa chai kwanza, akauliza hali ya ng'ombe.

"Nano, waache wafu wapumzike," akasema mwishowe.

"Hapumziki, Batt. Jana tu kaniletea barua."

"Najua. Mimi pia huniletea. Namsalimia vizuri." Akageuza kikombe kwenye kisahani. "Lakini wenzangu wawili tuliomchukua pamoja siku ile wameshakufa. Nikisema leo tulikosea, nitakuwa nimekosea peke yangu."

Nano alimwonea huruma, na alijichukia kwa kumwonea huruma. Akamuuliza walimzika wapi. Batt akasema kinamasi ni kikubwa, akaaga.

Basi Jumanne ile, mkate ukiwa motoni, Jamesy alisimama juu ya gazeti akatoa jibu la Dublin. Bwana Hession alimshukuru Nano kwa barua yake ya thamani kubwa. Kwa kuwa maelezo ya kamanda yalikuwa tofauti, kumbukumbu ingebaki kama ilivyoandikwa: msaliti, aliadhibiwa. Barua ya Nano ingewekwa katika sanduku la chuma pamoja na nyingine zote, na sanduku lisingefunguliwa mpaka afe wa mwisho kati ya walioandika.

Nano aliketi. "Jamesy," akasema, "barua ile ya Agosti ilikuwa inakuhusu wewe. Nikuambie ilivyosema?"

Jamesy alitikisa kichwa, karibu aone haya. "Haikuandikwa jina langu, Nano. Siwezi kusikiliza barua ya mtu." Akainua mfuko wake, akaelekea kwa Delia, akagusa kofia, akapita.

Hapo Nano akaona kwamba alikuwa amepanda milima kwenda Dublin ilhali pa kwenda ni nyumba ya tatu. Aliandika kurasa mbili, akazitia posta akiwa na shali kichwani. Kesho yake saa kumi kasorobo alisimama barabarani, akamtazama Jamesy akifungua geti la dada yake kwa mara ya kwanza.

"Barua yako, dada," Jamesy akasema.

Delia aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma pale pale mlangoni, akairudia. Jamesy alingoja, maana labda kungekuwa na majibu. Kisha Delia akainua macho akamwona Nano barabarani.

"Mkate," akasema.

"Mkate, Delia. Niliuoka mimi."

Delia hakumtukana. Ingekuwa heri amtukane. Alimgeukia kaka yake, akamfuta maji ya kinamasi kolani kwa ncha ya aproni, akamuuliza, "Jamesy, wamekulaza wapi? Nikuchukue."

Jamesy alivua kofia akafikiri, kwa kuwa alipenda kutoa anwani iliyo sahihi. "Sijui, dada. Walinifunga macho tangu darajani. Na kila nikirudi jioni, darajani nafungwa tena."

Akauliza kama kuna majibu. Delia akasema yapo. Aliingia ndani, akaandika mstari mmoja: *Batt Hegarty, kaka yangu yuko wapi?* Jamesy akaipeleka.

Tangu siku hiyo Delia alimwandikia Batt mstari ule ule kila siku, na kila siku Jamesy ilimbidi asimame kuuchukua. Siku nyingine alikunywa hata chai, ikiwa mvua ni kubwa. Batt alizipokea barua kwa adabu, akazisimamisha nyuma ya saa ya mezani bila kuzifungua. Jumapili Nano alihamia benchi la mwisho, na sasa benchi la watu wanane likawa na wawili. Hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Batt alifariki Machi 1955. Matanga yalijaa. Jeneza lilifunikwa bendera, na vijana waliovaa sare walisimama pande zote mbili. Delia alikuja na mkate, Nano nyuma yake, nao hawakufukuzwa.

Saa kumi kasorobo Jamesy aliingia na barua ya siku ile. Watu walimpisha. Alivua kofia mbele ya jeneza, akasimama kidogo kama inavyopasa, kisha akatoa penseli sikioni. Juu ya bahasha akaandika *Mpokeaji amefariki*, akairudisha kwa Delia, maana ndivyo barua za namna hiyo zinavyofanywa. Delia akaitia mfukoni mwa aproni, akaenda kuukata mkate.