Maiki Iliyosikia Mtaa

Alasiri ya Jumatano, siku chache kabla ya ukumbi mpya kufunguliwa, fundi wa sauti alitandika blanketi juu ya meza akazipanga maiki zake. Za jukwaani zilikuwa nyingi, za kushika mkononi, vichwa vyao vya wavu vimebonyezwa na meno ya waimbaji. Hizo zilikuwa na roho ngumu. Ukidondosha moja inaendelea na kazi, na haisikii ila kilicho mbele ya mdomo. Ya studio ilikuwa moja tu, imening'inizwa kwenye mipira ili isitikisike, na ilisikia hata mtu akimeza mate. Fundi alikuwa na msemo wake: jukwaani tafuta maiki kiziwi, studio tafuta maiki mbea.

Kazi zenyewe zilikuwa mbili. Mwimbaji angerekodi albamu yake katika chumba kikubwa nyuma ya jukwaa, kisha Jumamosi angeimba mbele ya watu siku ya ufunguzi.

Fundi aliisimamisha ile mbea katikati ya chumba, akavaa hedifoni, akapandisha sauti kidogo kidogo. Alisikia mtu akifagia uwanja. Halafu cherehani. Halafu ndoo ikijaa maji bombani na wanawake wakicheka. Alikagua nyaya kwanza, kama inavyotakiwa, akabadilisha mmoja, akasikiliza tena. Waya haukuwa na kosa. Mtaa uliobomolewa ili kupisha ukumbi ulikuwa pale pale, ukiendelea na alasiri yake.

Mwimbaji aliingia na chupa yake ya maji ya uvuguvugu, akavaa hedifoni ya pili. Alikuwa mtu mzima, mwenye jina, na hakupenda kupotezewa muda.

"Kuna mama anaita," alisema. "Kijiti, Kijiti, njoo uoge maji yasipoe. Kijiti ndiye nani?"

"Simjui," fundi alisema.

Kijiti alikuwa yeye, na mama aliyekuwa akiita alikuwa mama yake mzazi. Ukumbi haukuajiri mtu yeyote wa mtaa ule, kwa sababu ya kesi ambayo waliobomolewa nyumba waliufungulia. Alipoulizwa kwao ni wapi, fundi alitaja kwa shangazi yake.

"Ana sauti nzuri," mwimbaji alisema. "Ila ataniingilia kwenye kiitikio."

Mkurugenzi wa ukumbi aliitwa. Alisikiliza huku amesimama, akavua hedifoni, akafuta masikio kwa leso.

"Hao tulishawahamisha," alisema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi tumia maiki nyingine."

Mwimbaji alikataa. Sauti yake, alisema, imekonda kwa umri, na utamu uliobaki umo kwenye pumzi. Maiki ya jukwaani haishiki pumzi. Ikiingia studio inamfanya asikike kama anatangaza mabasi yanayoondoka. Bila ile moja, harekodi.

Mkurugenzi alifikiri. "Kesho jioni iwe imenyamaza," alimwambia fundi. "Na kama kuna mtu wa kule anawachochea, nitamjua tu." Aliwatazama wote wawili, halafu akatazama dari. Fundi alikuwa akikunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Nyumbani, mama yake alikuwa akikunja nguo kitandani. Hakumsalimu, kwa sababu hakuwa na sauti. Waliohamishwa wengi walifika makazi mapya bila sauti zao. Daktari alimmulika mama kooni akasema kila kitu kipo mahali pake. Kesi yao ilikuwa imeahirishwa mara nyingi, kwani kila wakili alipowasimamisha mbele ya hakimu, walalamikaji hawakuwa na la kusema. Fundi mwenyewe alibaki na sauti yake kwa bahati tu. Siku ya mabuldoza alikuwa safarini na bendi.

"Mama," alimwambia, "bado unaniita kule?"

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kama amefunga mlango.

Fundi alikuwa amerekodi kipande kifupi. Akamvalisha hedifoni. Mama alisikiliza, midomo ikiyafuata maneno yake mwenyewe, na kilipokwisha akaonyesha kwa kidole kwamba kirudiwe. Kilirudiwa mpaka chai ikapoa. Mwishowe alizivua, akamtazama mwanawe tangu kichwani hadi miguuni, akampa taulo.

Fundi alikwenda kuoga. Usingizi haukumjia vizuri. Kila alipofumba macho alimsikia mkurugenzi akiuliza, "Kijiti yuko wapi?" na yeye akiinua mkono kama mwanafunzi.

Alhamisi alizunguka na stendi ya maiki chumba kizima. Hakuhitaji ramani. Mlangoni palikuwa bombani. Dirishani palikuwa kwa mshona nguo. Kwenye kona mke na mume waligombania blanketi, na fundi alijua mume angeshindwa. Alipoigeuzia nyumba moja mgongo wa maiki, upande usiosikia, uso wake uliangukia nyumba nyingine. Alitundika mablanketi mazito ukutani. Sauti zilipita, zilikuwa zimezoea kupita kwenye mabati.

Kisha, kushoto kwa nguzo, hedifoni zilinyamaza.

Fundi alidhani waya umekatika. Akaliza vidole: mlio ulikuja safi, kama umeoshwa. Alirudi nyuma hatua, akasikia bomba. Akasogea mbele, kimya. Kimya kile kilikuwa na upana wa chumba kimoja cha kupanga, na fundi alipokipima kwa kutembea alijikuta akiinamisha kichwa mahali ambapo zamani palikuwa na mlango mfupi.

Hapo palikuwa kwa mzee waliyemwita Bwana Mawimbi, aliyetengeneza redio. Siku ya mabuldoza alisema hatoki mpaka amalize redio ya mteja, maana mtu akikuamini na kitu chake humrudishii vipande. Buldoza halikungoja. Taarifa iliyotolewa baadaye ilisema nyumba ilikuwa tupu. Waliohama waliacha sauti zao. Yeye hakuhama, kwa hiyo hakuacha chochote.

Fundi aliishika stendi. Alitaka kuisogeza. Lakini nyayo za mkurugenzi zilikuwa zinakuja kwenye ujia.

"Umepata?"

"Nimepata, Mkuu."

"Pakoje?"

"Pametulia."

Mkurugenzi alisikiliza mwenyewe, akampiga fundi bega kwa furaha. "Kumbe kazi unaijua," alisema.

Wakarekodi pale. Mwimbaji alisimama kushoto kwa nguzo, na maiki ikachukua pumzi yake yote, hata ile ndogo anayovuta mtu kabla ya neno gumu. Baada ya wimbo wa kwanza alivua hedifoni.

"Mahali hapa pananisikiliza," alisema. "Kuna mtu?"

Fundi alirekebisha kitu ambacho hakikuhitaji kurekebishwa.

"Alikuwepo," alisema.

Mwimbaji alitazama sakafu. "Turudie," alisema, na mara hii aliimba polepole zaidi, kama anayeimba katika nyumba ya watu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fundi alitoa maiki za jukwaani, viziwi wale, na hazikusikia ila midomo iliyokuwa mbele yao. Muda wote mikono yake ilikaa juu ya miksa kama mikono ya mtu anayezuia mlango. Hakuna aliyeita. Watu walipiga makofi, wageni rasmi wakapiga picha, na mkurugenzi akasema katika hotuba yake kwamba mahali pale palikuwa hapana kitu.

Wiki iliyofuata kesi ilifutwa. Walalamikaji walifika wote, mama yake fundi akiwa mstari wa mbele na kitambaa chake kizuri, lakini hawakusema lolote, na mahakama ikachukua kwamba wameridhika.

Albamu ilisifiwa kwa utulivu wake. Wanamuziki walianza kuja kutoka mbali kutafuta utulivu huo, na mkurugenzi akaagiza mahali penyewe patiwe alama. Fundi alipiga magoti akabandika utepe mweupe sakafuni, vipande viwili vilivyopishana. Alibandika taratibu, akilainisha kila upande kwa kidole gumba.

Kila mwimbaji anayekuja sasa huonyeshwa asimame hapo. Kabla hajasimama, fundi humwomba avue viatu. Humwambia kwamba viatu vina kelele na maiki ile inasikia mno. Wao huvua, wakaviweka kando ya nguzo, wakaingia.