Visheti vya Mwalimu Mbarouk

...na samahani, sijui namuomba nani maana kichwani humu nimo peke yangu, lakini kisa hiki nnakisimulia vibaya, nimekianza katikati kama mtu aliyeingia ukumbini mchezo umeshafika nusu akawakanyaga watu miguu, na mimi niliyecheza vichekesho Jang'ombe miaka ishirini nnajua fika kwamba kichekesho huanza mtu akianguka, sasa mimi nshaanguka zamani, nimeshafika chini, nimekaa, nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa skuli, magoti yanagusa kidevu, bakuli la visheti mapajani, na mbele ya ubao amesimama Mbarouk, Mbarouk wangu mimi, aliyekuwa akinibebea ndoo ya chokaa, anaita majina. Ahmada, kasema, na bwana mmoja mwenye upara akaitika naam, na Mbarouk hakwenda jina la pili, kasita, kakitazama kitambulisho, kamtazama mwenye upara, katia alama kwenye faili polepole kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa wageni, ndiyo mtindo wake, tangu zamani hivyo, mpe ukuta wa siku mbili ataumaliza siku tano, sasa kapewa orodha ya herufi, yuko A, mimi ni P, tutafika adhuhuri. Shati lake limepigwa pasi hata ule mstari wa mkono ungekata limau. Shingoni kadi yenye picha, na kwenye picha anacheka, huyu, ambaye miaka kumi na mitano niliyokuwa naye juu ya jukwaa la miti tukipiga kuta chokaa sikumwona meno, kicheko hicho kakipata wapi, au na chenyewe kimo kwenye mtaala?

Na mlangoni kanambia shikamoo fundi. Hilo ndilo linaloniuma. Angenidharau ningefurahi, ningekuwa na la kuwahadithia watu, lakini kainamisha kichwa kabisa, shikamoo fundi, mbele ya watu wote, nami nikaitika marahaba kwa sauti ya jukwaani, sauti ya kumfikia aliyekaa nyuma kabisa, ili ijulikane nani kamkuta nani duniani, na yule Bi Zuleikha anayeandikisha pale mlangoni akanitazama, akatabasamu, akasema ah, kumbe ndiye wewe Mzee Pandu, tumekusikia sana. Mmenisikia wapi? Televisheni nilitokea mara moja tu, na siku hiyo umeme ulikatika mtaa mzima. Khairat. Naam. Mwanamke, fundi wa plasta, mikono imekakamaa kuliko yangu, mashallah... kimoja tu, nifunue bakuli kidogo, kisheti kimoja, hakuna atakayejua, Mize hakuvihesabu. Au kavihesabu? Mize mke wangu kavikaanga jana alasiri, kavitia shira ya sukari, kavipanga kama anapeleka posa, nami nimekaa hapo namtazama nikidhani vyangu, kumbe, umpelekee mwalimu, kasema, usende mikono mitupu. Mwalimu. Miaka yote jina lake lilikuwa yule Mtumbatu wako. Halafu, huku anajifuta unga mikononi, hata uso hakuinua, kasema, Mbarouk siku hizi kapendeza. Kapendeza! Mimi mara ya mwisho Mize kunambia nimependeza nilikuwa nimevaa baibui, nacheza mama wa bi harusi.

...anasema nini sasa, soko la ajira linabadilika, wazee wangu, na sisi lazima tubadilike nalo, anasema hayo baina ya jina na jina, sauti ileile ya chini, na watu wanatikisa vichwa, wanaandika, Khairat anaandika, nini cha kuandika hapo, soko nnalolijua mimi liko Mwanakwerekwe na kila nikenda limebadilika, hakuna aliyenipa cheti kwa kulijua. Lakini nimekuja. Nimekuja kwa sababu wiki tatu nyuma nlikwenda Shangani, kwenye nyumba ile ya ghorofa tatu inayofanyiwa ukarabati, kazi ya miaka miwili ile, kazi ya kumzeesha mtu kwa raha, nikamkuta msimamizi na kofia yake ngumu ya njano, nikamwambia bwana we, mimi mwenyeji humu, ukuta wa ngazi huo unaouona nimeupiga chokaa mimi, mwaka wa kumi na mbili huu haujatoa hata ufa, uguse. Akaugusa. Akasema, "Sikatai, mzee, lakini ukuta hautoi cheti." Na wallahi pale pale nilimwonea wivu kwa mstari ule, mstari wa kumalizia mchezo, kaupata bure mtu asiyejua hata kuutumia. Akanieleza kwa upole, siku hizi kazi za Mji Mkongwe ni cheti, na si lazima nirudi skuli, upo mpango wa mafundi wazima, waliojifunzia kazi kwenye mikono ya wenzao, waende kituo cha mafunzo ya amali, wapimwe siku tano, anayejua ajulikane anajua. Na asiyekwenda, nikauliza. Asiyekwenda ataingia kibarua, akasema, atabeba ndoo. Ndoo! Nina miaka hamsini na minne, na ndoo yenyewe ya nani, ya Khairat huyu, ya mwenye upara? Nikaondoka nikiwa nshakubali, siku tano nini, nikafika hapa leo asubuhi na bakuli langu, na anayepima, mtaa mzima unajua, ni nani? Mcha. Naam. Polepole, Mbarouk, polepole baba, tia alama yako, usije ukaikosea.

Kapewa na nani kazi hii, ndilo swali, nimeliuliza mitaa yote ya Ng'ambo. Kwa kinyozi wamesema ana mjomba wizarani, lakini wajomba zake Mbarouk nawajua, wote wawili ni wavuvi, na mmoja haoni. Nikasema basi bibi mkuu wa kituo kampenda, kisha nikamwona bibi mkuu wa kituo, nikamwomba Mungu msamaha. Nikasema kadanganya, kaandika alisomea ng'ambo ya bahari, na nimekaa miezi nikisubiri adhihirike, aanguke, niwe nimekaa mstari wa mbele. Kwani anajua nini asichokijulia kwangu? Alikuja kutoka Tumbatu hajui kutofautisha chokaa na unga wa ngano, mimi ndiye niliyemwambia jiwe lichomwe hata lilie, liloweke, livundike shimoni miezi usilichungulie kama mtoto anayechungulia biriani, mpaka lilainike kama samli, ulichote kwa mwiko litetemeke lisimwagike. Mimi! Na sasa kayaandika hayohayo ubaoni, hatua ya kwanza, hatua ya pili, kayatia nambari, na samli kaitoa, kaweka ulaini unaofaa. Samli yangu. Kisheti cha nne hiki, au cha tano, shira imenata kwenye vidole, nitasemaje kwa Mize, nitasema mwalimu kala. Muhiddin... Muhiddin yupo? Naam, samahani mwalimu, nlikuwa nazima simu. Mwalimu, kasema, bila taabu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, limemtoka kama maji. Nami likifika jina langu nitasema naam, naam tupu, hilo la pili halinitoki, wallahi halinitoki, na asiponipasisha kwa ajili hiyo basi, nitarudi nyumbani, Mize ataniuliza, nitamwambia kituo kimefungwa, kimeungua, kwa siku tano... na baada ya siku tano ndoo.

Usimtazame, tazama ukuta. Ukuta nnaujua, ukuta haunidharau. Umepigwa saruji, maskini, unatoka jasho, kituo kinafundisha chokaa na chenyewe kimevaa saruji, hilo ningelitumia jukwaani. Ratiba. Picha ya kofia na viatu. Kikaratasi cha kukataza kutema mate. Na hapo juu ya bega lake la kushoto karatasi moja ndani ya plastiki, imebandikwa peke yake kama picha ya harusi, imeandikwa kwa mkono, na mwandiko ule... ile P yenye tumbo, P iliyoshiba pilau za watu, P hiyo nnaijua. Na chini yake dole gumba la wino wa buluu. Na juu yake wametia maneno ya kupiga chapa, makubwa, hata bila miwani nnayasoma: BARUA ILIYOTUPATIA MWALIMU.

La.

La, ngoja... miaka miwili nyuma, barazani, saa za kahawa, Talib muuza kahawa anamimina, baraza limejaa, na Mbarouk kaja na fomu kaishika kwa mikono miwili kama mayai, anakwenda kupimwa apate cheti, yeye wa mwanzo mwanzo mpango ulipoanza, sisi wengine tunaucheka, na fomu inataka barua ya fundi aliyemfundisha, athibitishe. Tafadhali fundi, kasema. Na mimi watu kumi na tano wananitazama, na hadhira ni hadhira, nikaitwaa kalamu nikaandika huku nnasoma kwa sauti, Mimi Pandu Khatib, fundi wa chokaa wa miaka thelathini, nathibitisha kwamba kila nnachokijua katika kazi hii nimefundishwa na huyu Mbarouk, na asingekuwa yeye mpaka leo ningekuwa nnapaka kuta unga wa ngano. Nikatia saini. Baraza zima likacheka, Talib kamwaga kahawa, nikaomba wino, nikatia na dole gumba juu yake, wakazidi kucheka, nilikuwa na siku nzuri sana ile. Na Mbarouk hakucheka. Nikasema moyoni Watumbatu hawa hawana utani. Kaikunja karatasi mara mbili, kaitia mfuko wa shati, kaushika mfuko kwa nje, kasema, "Ahsante, fundi. Sikujua kama uliona."

Niliona nini? Miaka miwili sikujiuliza. Nilidhani kachanganya maneno.

Ukuta wa ngazi. Ule. Wa Shangani. Mwaka ule Idi imekaribia, mwenye nyumba anataka kazi yake, mimi nna mchezo Jang'ombe siku ya Idi Mosi, mavazi sijayatengeneza, nikatia saruji ndani ya chokaa, mifuko miwili, ishike upesi, nikaupiga wote siku moja, na Mbarouk kasimama na ndoo, kasema fundi, huu utavunjika, utavuta maji, nikamwambia wewe beba. Nikenda kucheza. Nikavaa baibui, watu wakacheka mpaka wakalia, Mize kanambia nimependeza. Na siku ya nne nikarudi Shangani, ukuta mbichi, umebanduliwa wote mpaka kwenye jiwe, umepigwa upya, chokaa tupu, chokaa ya shimo, tabaka juu ya tabaka, na Mbarouk kakaa kwenye ngazi vidole vimechubuka, sikukuu nzima kaimaliza humo, hakuna aliyemuuliza amekula nini. Nikamwambia lete ndoo. Mwenye nyumba akaja, akaugusa, akasema mashallah fundi Pandu, mkono wako, nami nikasema alhamdulillahi. Nimeusemea ukuta ule miaka kumi na mbili. Nimemgusisha msimamizi wiki tatu nyuma, uguse, nikasema, nimeupiga mimi. Na huyu kumbe siku ile barazani, watu wanaanguka kwa kicheko, yeye katika watu wote ndiye pekee aliyeisikia ile barua kama mtu anayesikia jina lake, kadhani nimekiri, kadhani fundi wake kasubiri miaka kumi kisha kasema mbele ya watu, kaandika, katia na dole. Idi iliyoifuata barua kaja na kitambaa cha kanzu. Nikamwambia Mize, unaona, anajionesha. Kanzu nimeishona, ndiyo hii niliyovaa.

Nahodha. Naam, mwalimu... na hapa kituoni wameisoma, watu wa serikali, wanaamini maandishi, wakasema aliyemfundisha fundi wa miaka thelathini, huyu hafai kupewa cheti tu, huyu apewe chaki. Na si uongo, ndiyo balaa yake, nimeuandika utani wa kumchekesha Talib na ukaja kuwa ndiyo kauli ya kweli pekee niliyowahi kuitia saini, tumekusikia sana, Bi Zuleikha kasema, bila shaka mmenisikia, nimo ukutani. Sasa kapiga mstari chini ya Nahodha, kwa rula, wallahi ana rula, na kalamu yake inashuka, na kanyanyua uso, kanitazama mimi, meno yale ya kwenye picha, yapo, nnayaona. "Fundi Pandu Khatib." Sema naam. Sema na lile la pili, sasa linatoka, nalisikia linapanda lenyewe kifuani, halina hata uchungu... Darasa limegeuka. Khairat kageuka. Mbarouk anangoja, hana haraka, hajapata kuwa nayo, "Fundi Pandu yupo?", na miezi yote hii nimemtafuta mtaa kwa mtaa, kwa kinyozi, kwa wajomba, mtu aliyempa Mbarouk kazi hii, na kumbe ndiye huyo anayeitwa, mara ya pili sasa, bakuli tupu mapajani, na hawezi kuitika, kinywa kimejaa visheti vya mwalimu.