Kichwa cha Baba

Nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina hilo lingebaki nyumbani kama kaka yake asingelitaja kwa sauti kubwa katikati ya uwanja wa chuo cha sanaa siku alipomletea godoro. Tangu hapo hata walimu walimwita hivyo. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uchongaji, msichana mwembamba, mchache wa maneno, mwenye kucha ambazo hazikutakata hata azisugue namna gani.

Chuoni kulikuwa na mhadhiri ambaye wanafunzi walimpachika jina la Bwana Mchakato. Neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukimletea kazi nzuri, aliitupia jicho akauliza umepitia wapi hadi kuifikia. Ukimletea kazi mbovu, uso ulimchangamka, akavuta kiti. "Haya, tuambie ulivyoshindwa," alisema, kama mtu aliyeandaliwa chakula. Hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Aliwagawia wanafunzi vifaa vyake mwenyewe, na aliamini kwa moyo wote kwamba mtu ambaye kazi haijamkatalia bado hajaanza kazi. Shida ni kwamba imani hiyo alikuwa ameitia kwenye mtihani. Nusu ya alama za mwisho zilikuwa za kazi yenyewe, nusu nyingine za maelezo: unasimama mbele ya jopo, unasimulia ulikopita, ulikoangukia, na anguko limekufunza nini. Wajanja walikuwa wakiharibu kitu makusudi ili wasikose la kusema. Kitinda alikuwa akiwacheka.

Yeye alitaka kumfinyanga baba yake.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mageti na madirisha, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua mwaka ule ule Kitinda alipoingia chuoni. Aliugua kidogo, akalazwa, na watu walipokuwa bado wanajipanga kwenda kumwona wakajikuta wanajipanga kwenda kumzika. Picha za maana hakuacha. Palikuwa na ya harusi, amekonda kama ufito, na ya kitambulisho.

"Mama," Kitinda alisema jioni moja, "nataka kumtengeneza baba."

Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akijikanda visigino. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, kutwa nzima kasimama kwenye mvuke. "Kumtengeneza vipi?"

"Kichwa chake. Kwa udongo. Ndiyo kazi yangu ya mwisho."

"Ili watu wamwangalie?"

"Ili wewe umwangalie."

Mama aliacha kujikanda. "Na utatumia picha ipi? Ile ya kitambulisho, ambayo anaonekana kama anatafutwa na polisi?" Wote wawili wakacheka, kisha mama akawa wa kwanza kuacha. Akaweka kidole kwenye uso wake mwenyewe, chini ya jicho. "Hapa palikuwa na shimo. Si shimo, bonde. Na masikio yalimsimama kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Usimfanye mzuri, mwanangu. Hakuwa mzuri. Alikuwa yeye."

Kitinda aliingia kazini. Alisimamisha kipande cha nondo juu ya ubao, akakizungushia waya, akaanza kubandika udongo. Kwa muda mrefu alichokipata kilikuwa kichwa cha mtu yeyote: mlinzi wa benki, mjomba wa jirani, bwana fulani kwenye foleni. Picha zile mbili alizibandika ukutani, na kadiri alivyozitazama ndivyo baba alivyozidi kumkimbia. Mwishowe alizibandua akazitia mfukoni.

Kilichomsaidia hakikuwa macho. Zamani, baba alipokuwa akirudi na macho yanayomwasha kwa mwanga wa kuchomelea, alikuwa akilala chali kwenye mkeka akisema anahisi kama amemwagiwa mchanga ndani. Kazi ya Kitinda, kwa kuwa mikono yake ilikuwa midogo na haina haraka, ilikuwa kumwekea kitambaa cha maji baridi na kukibonyeza taratibu kufuata mfupa wa nyusi, bonde la chini ya jicho, ukingo wa pua. Baba alikuwa akiguna, "Hapo hapo." Basi asubuhi moja karakana ikiwa haina mtu, Kitinda alifumba macho, akalowesha mikono, akaiweka juu ya udongo kama alivyokuwa akiiweka usoni mwa baba. Mikono ikaenda yenyewe. Alipofumbua macho, alirudi nyuma hatua moja. Nyusi zilikuwa za baba. Taya lilikuwa lake, lile la kusaga meno hata akiwa usingizini. Mdomo ulikuwa bado haujaja, lakini aliyekuwa pale juu ya nondo hakuwa mtu yeyote tena.

Alikaa chini sakafuni akamtazama. Hakuthubutu kumgusa.

Bwana Mchakato alimkuta katika hali hiyo. Alikizunguka kichwa, mikono nyuma, akiguna.

"Kimefungika," alisema.

"Bado mdomo, mwalimu."

"Sisemi mdomo. Nasema umefika mapema mno. Umeng'ang'ania kufanana. Umekitafuta wapi? Umekipoteza wapi? Sioni alama ya safari hapa." Akauchukua waya wa kukatia udongo uliokuwa juu ya meza, ule wenye vipini viwili vya mbao. "Unaniruhusu?"

Kitinda alifungua mdomo. Baadaye alijiuliza mara nyingi alitaka kusema nini, na kila mara alijipa jibu tofauti. Mhadhiri alichukua kimya kile kuwa ndiyo. Waya ulipita chini ya shavu la kushoto, ukatoka upande wa pili laini kabisa, na nusu ya taya ikaanguka mezani kwa kishindo kidogo cha unyevu.

"Sasa anza," alisema, akampiga begani kwa upole, kama mtu aliyetoa zawadi. "Utanishukuru."

Akaanza. Akarudishia taya lile lile, likakaa kama bandia. Akalifinyanga jipya. Akafumba macho tena, akalowesha mikono tena, lakini safari hii mikono ilijua kwamba inatazamwa, ikawa inaigiza. Taya lilikataa. Alipolisogeza taya, nyusi nazo zikapotea. Alipozifuata nyusi, bonde la jicho likawa shimo. Wiki zikapita hivyo. Kila mhadhiri alipopita alitabasamu. "Umeona? Sasa kinahema."

Hakikuwa kinahema. Kilikuwa kinakufa mara ya pili, naye ndiye aliyekishika.

Siku chache kabla ya mtihani alimleta mama yake karakana. Mama alikuja moja kwa moja kutoka hotelini, bado ananuka sabuni na mvuke. Kitinda alikifunua kichwa. Mama alikitazama. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akainama kidogo kama mtu anayejaribu kumsaidia mwenzake atambulike.

"Ni mtu mzuri," alisema mwisho, polepole. "Lakini simjui."

Kisha, alipoona uso wa binti yake, akamshika mkono. "Usilie, mama. Na mimi siku hizi ananitoka akilini. Nikiamka asubuhi huwa namtafuta kwanza, kabla sijashuka kitandani. Siku nyingine simpati." Alisema hayo kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na Kitinda alilijua hilo bila kuambiwa.

Siku ya mtihani jopo lilikaa nyuma ya meza ndefu: Bwana Mchakato, mzee mmoja aliyekuwa akipiga miayo, na mama mmoja mtahini kutoka chuo kingine. Kitinda alisimama kando ya kazi yake. Alitaja udongo. Alitaja nondo. Mzee akapiga mwayo mwingine. Mtahini mgeni akatazama saa yake.

Hapo ndipo Kitinda alipoupata mdomo, si wa baba, wake.

"Nilimleta mama yangu akione," alisema. "Akasema, ni mtu mzuri, lakini simjui."

Chumba kilibadilika. Mzee aliyekuwa akipiga miayo aliinua kichwa. Mtahini mgeni alivua miwani. Kitinda aliihisi ile hali ya watu kumwinamia bila kusogea, na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu ni kwamba aliipenda. Ilimpanda kichwani kama maji ya moto. Akapunguza mwendo. Akanyamaza palipofaa. Akasimulia mama yake anavyoamka asubuhi akamtafuta mumewe kabla ya kushuka kitandani, na siku nyingine asimpate. Kuhusu ule waya alisema, "Nilikivunja, kwa sababu nilifundishwa kutokuogopa kuvunja," na Bwana Mchakato akainamisha kichwa, macho yamemlowa. Alipoulizwa amejifunza nini, alijibu kwamba kushindwa kufanana ndiko kulikomwonyesha ukweli wa kumpoteza mtu. Hakujua maneno hayo yametoka wapi. Yalikuwa yamenyooka, yanang'aa, hayana hata chembe ya baba yake.

Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wenzake wote.

Yakaja maonyesho ya wahitimu. Mama aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la kitenge lenye mikono mipana, akaja na kaka mtu. Kitinda aliwapokea mlangoni, akawatembeza. Alikuwa ameambiwa kazi yake imepewa ukuta mzima wa mbele, na alidhani ni heshima tu. Kichwa kilikuwa juu ya kigoda cheupe, taa imekimulika. Nyuma yake, kwa herufi nyeusi zenye ukubwa wa kiganja, watu wa chuo walikuwa wameandika: NI MTU MZURI, LAKINI SIMJUI. Na chini yake, kwa herufi ndogo, habari ya mjane anayeamka akimtafuta mumewe.

Mama alisoma taratibu, kama alivyosoma kila kitu. Alipomaliza alirudia kutoka juu.

"Haya ni maneno yangu," alisema.

"Ndiyo, mama. Mimi sikujua kama wata..."

"Nilikwambia wewe."

Kabla Kitinda hajajibu, bibi mmoja mwenye mkufu mzito aliyekuwa amesimama karibu aligeuka. "Kumbe wewe ndiye mama mwenyewe? Jamani! Umetugusa sana. Nimelia mimi." Akanyoosha mkono. Mama aliupokea kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama anavyofanya kwa wageni wa hotelini, akasema, "Asante. Asante sana." Kisha akarekebisha mkoba begani, akatoka.

Kaka alibaki. Alikuwa mtu wa utani, aliyezoea kumtania dada yake kwa kumwita Profesa, lakini utani ulikuwa umemkauka.

"Siku ya mazishi mama hakulia mbele za watu," alisema. "Unakumbuka? Alisubiri wageni waondoke. Sasa wewe umemtundika ukutani."

"Sikuandika mimi, kaka."

"Kwani waliota?"

Kaka alikitazama kichwa kwa mara ya kwanza. "Na kweli si yeye," alisema, akamfuata mama.

Usiku ule na siku zilizofuata, Kitinda alijaribu kumkumbuka baba alivyokuwa, amelala mkekani, kitambaa machoni. Kila alipokivua kitambaa, chini yake palikuwa na uso wa udongo. Taya lile baya. Bonde lililogeuka shimo. Alikuwa ameutazama uso wa uongo kutwa kucha kwa miezi, na sasa ule wa kweli haukuwa na pa kukaa. Alizitoa zile picha mbili. Hazikumsaidia, hazikuwahi kumsaidia. Kama kuna kitu kushindwa kulimfunza, kilikuwa hicho, na hakikuwa kitu ambacho mtu angekiandika ukutani.

Maonyesho yalipofungwa alikwenda karakana, akakikata kichwa vipande vipande kwa waya, akavitia kwenye pipa la udongo wa kutumiwa tena, akamimina maji juu. Bwana Mchakato alimkuta anakoroga kwa fimbo.

"Nilitaka nikuombe," alisema. "Wa mwaka wa kwanza wanaripoti. Uje uwasimulie. Hawajapata kusikia kushindwa kukisimuliwa vile."

"Hapana, mwalimu."

"Fikiria kwanza."

"Mwalimu, lile taya ulilikata wewe."

Mhadhiri alimtazama. Hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Alitafakari kweli, kidevu mkononi, na alipoinua kichwa macho yalikuwa yamechangamka. "Hiyo nayo uwaambie," alisema. "Hiyo hasira. Hapo ndipo kazi yako ijayo ilipo."

Kitinda aliiacha fimbo ndani ya pipa, akanawa mikono, akaenda nyumbani.

Alipoikaribia nyumba alisikia vicheko. Mama na kaka walikuwa jikoni, na kwa sauti ya kaka alijua kinachosimuliwa ni habari za baba: siku aliyochomelea geti la mtu kinyume, likawa linafungukia barabarani. Mama alikuwa akicheka kwa kukosa pumzi, kama zamani. "Na ule mdomo wake sasa," alikuwa akisema, "alivyokuwa akiupinda akijua amekosea, unakumbuka, hivi..."

Kitinda aliharakisha. Alitaka kuuona mdomo huo kabla mama hajaacha kuuiga. Alipotokea mlangoni uso wa mama ulikuwa umeshatulia.

"Umefika, mwanangu," mama alisema kwa wema.

"Endeleeni. Mlikuwa mnasemaje?"

Kaka aliinamia sahani yake. Mama alisimama akamfunulia sufuria.

"Habari za maji tu," alisema. "Wanasema yatakatika kesho. Kaa, nikupakulie."

Kitinda akakaa. Wote watatu wakala, na mama akamwongezea mchuzi bila kuombwa.