Uzio Usiokuwamo Pichani

Miaka ile, karibu kila aliyekuwa na kamera huko Migori aliitumia kwa watu: maharusi, watoto wa komunyo, na maiti ndani ya jeneza huku jamaa wamejipanga nyuma yake kwa nyuso kavu. Bochaberi peke yake ndiye aliyethubutu kumaliza filamu nzima kwa maua na ndege. Walimcheka, bila shaka. Sokoni walimwita Mama Maua, na wengine wakamuuliza kama dalia humrudishia nauli ya kupeleka filamu kuoshwa. Alikuwa na bustani yake nyuma ya nyumba, iliyoteremka polepole mpaka kwenye chemchemi, na hakuona kitu kingine kilichostahili filamu kuliko hiyo.

Upande wa chini ndio uliokuwa roho ya bustani. Pale udongo ulikuwa mweusi, haukauki hata Januari, na kila alichochomeka kilishika: dalia, waridi, kana nyekundu, na mayungiyungi yaliyojiotea yenyewe kando ya maji. Korongo wenye taji walishuka hapo asubuhi, wakatembea kwa madaha kama wazee wa kanisa siku ya sadaka. Ukiiondoa sehemu hiyo, kilichobaki kilikuwa kamba ya nguo na sukumawiki.

Sehemu hiyo ndiyo iliyopakana na shamba la Elijah Onsongo. Mayaka, mumewe Bochaberi, alilinunua shamba pamoja na Onsongo kutoka kwa mzee mmoja wa pale, Mjaluo. Wote wawili walikuwa wametoka Kisii, wote Wasabato. Shamba halikuwa limepimwa na serikali, na walipoligawa hawakuandikiana chochote, maana watu wa kanisa moja wataandikiana nini? Walifanya kama walivyowaona wenyeji wakifanya: walichomeka matawi ya ojuok kwa mstari kutoka barabarani hadi majini, wakasali, wakala viazi vitamu, mambo yakaisha.

Ojuok ni mmea mbaya wa sura. Majani hauna, ni vijiti vya kijani vilivyosongamana, na ukiuvunja hutoa utomvu mweupe unaoweza kukupofusha. Lakini hushika haraka, haufi ovyo, na ng'ombe hawaugusi. Baada ya miaka michache uzio ule ulizidi kimo cha mtu. Mayaka alijivunia uzio wake. Bochaberi aliuchukia kama mtu anavyomchukia mgeni asiyejua kuaga.

Kamera ya kwanza nyumbani mwao ilikuwa ya Mayaka, Kodak ya plastiki, nyepesi kama mkebe mtupu, na kitundu chake cha kuchungulia kilikuwa pembeni ya lenzi. Ulichokiona sicho ulichopata. Mayaka alilenga waridi moja, na picha iliporudi ilikuwa na waridi, kamba ya nguo, ng'ombe wa watu, na ojuok imesimama nyuma kwa urefu wake wote. Yeye alifurahi tu. Alisema kamera yake ina moyo wa muuza mboga mwema, haikosi kukuwekea nyongeza.

Kisha Bochaberi akapata Zenit ya mtumba dukani kwa Abdinasir pale mjini. Ilikuwa ya Kirusi, nzito kama tofali, na ilipobofywa ililia kiasi cha kuku kukimbia. Lakini hiyo ulichungulia kupitia lenzi yenyewe. Ulichokiona ndicho ulichopata, na usichokitaka ulikiacha nje. Aliyemfundisha kuitumia ni Mwalimu Pauline, rafiki yake aliyesomesha kule Asumbi, mwenye Yashica aliyoifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Pauline alikuwa Mkatoliki. Jumamosi ilikuwa ya ibada ya mmoja, Jumapili asubuhi ya ibada ya mwingine, kwa hiyo waliwinda picha Jumapili mchana. Mara walifika Karungu kuwavizia minandi, ndege wa ziwani, wakianika mbawa, mara walibaki bustanini kwa Bochaberi, wakishindana ni kamera ipi italeta rangi halisi ya kana.

Somo la Pauline lilikuwa moja, na alilirudia mpaka likachosha: picha nzuri haitokani na kuongeza, inatokana na kuondoa. Bochaberi alilishika somo hilo kuliko mwalimu wake. Alipiga magoti, akasogea, akainamisha shina kwa mkono wa kushoto, akangoja upepo utulie, mpaka pale kijiti cha mwisho cha ojuok kilipotoka kwenye kidirisha. Ndipo alipobofya. Na kwa kuwa mtu akishapenda usafi huanza kufagia hata kwa jirani, akazitoa picha za Mayaka za Kodak, akazikata kwa mkasi wa kushonea, akaacha maua tu. Mayaka alicheka. Alisema siku moja atarudi nyumbani akute na yeye amekatwa. Vipande vya uzio na zile filamu zilizokwisha kuoshwa vilichomwa pamoja na majani makavu.

Mayaka alifariki mwaka wa tisini na tano, kwa homa iliyoanza kama mchezo. Mzee aliyewauzia shamba alikuwa ameshatangulia. Onsongo, mzee wa kanisa, ndiye aliyehubiri mazishini, na lazima isemwe kwamba alihubiri vizuri. Hata Bochaberi alifarijika.

Mwaka uliofuata Sheila, binti yao aliyeolewa Homa Bay, alijifungua kwa upasuaji. Bochaberi akaenda kumlea, akakaa huko mpaka mtoto alipoanza kuketi. Aliporudi nyumbani aliweka mzigo mlangoni, akazunguka nyuma kuona kana zimefikia wapi, kama ilivyokuwa desturi yake kabla hata ya kunywa maji.

Ojuok haikuwepo. Hakikubaki hata kisiki. Nguzo mpya zenye waya wa miba zilipita hatua chache tu nyuma ya kamba ya nguo, na chini ya waya, mpaka kwenye chemchemi, udongo mweusi ulikuwa umelimwa kwa plau na kupandwa miche ya tumbaku. Hapakuwa na dalia wala waridi. Bochaberi alishika waya, akatobolewa kiganja, na hakuutoa mkono mpaka damu ilipofika kwenye kifundo cha mkono.

Onsongo alimpokea kwa adabu zote, akampa pole ya safari, akauliza hali ya mjukuu. Kuhusu mpaka, alisema haukusogea hata kidogo. Waya umefuata mpaka ule ule wa siku zote. Hiyo sehemu ya chini, alisema, ni yake, ila kwa ujirani mwema alimruhusu mke wa marehemu apande maua. Ojuok gani? Yeye hakumbuki ojuok yoyote.

Msabato kulima tumbaku ni jambo la kushangaza, lakini Onsongo alikuwa ameshalitafutia njia: yeye havuti, alisema, hukausha tu. Na alikausha kweli. Banda lake ndilo lililokausha tumbaku ya nusu ya majirani, na kwa sababu hiyo nusu ya majirani walipatwa na usahaulifu wa ghafla. Waliokata kuni kwenye uzio ule, walioanika blanketi juu yake, waliomwonya Bochaberi kuhusu utomvu wake, sasa walikuna vichwa. Nusu nyingine hawakutaka kesi za watu. Waoga, wote.

Lakini kila aliyemhurumia kwa siri alimwambia neno moja: wewe una picha. Kwani nani mwingine pale alikuwa na picha za shamba? Bochaberi mwenyewe alilala na tumaini hilo na kuamka nalo. Pauline alikuja kumsaidia kupanga albamu, lakini matatu ilimchelewesha na wakapata muda wa chai tu.

"Fence inaonekana vizuri?" Pauline aliuliza.

"Iko kila mahali," Bochaberi akajibu. "Haijawahi kuniacha hata siku moja."

Hakusema uongo. Mtu akipiga picha hakumbuki picha, hukumbuka mahali. Kila alipoifikiria dalia fulani aliuona uzio umesimama nyuma yake kama askari, kwa sababu alikuwa amepigana nao siku hiyo, akapiga magoti kwa ajili yake. Hakuona haja ya kuifungua albamu.

Kikao kilikuwa kwa chifu, asubuhi, chini ya paa la mabati, na wazee watatu wa mashamba wameketi kwenye benchi. Onsongo alivaa suti yake ya Sabato. Bochaberi alieleza jinsi ojuok ilivyopandwa na wanaume wawili, kisha akaikabidhi albamu kwa mikono miwili. Chifu akaifungua. Wazee wakasogea. Walifunua ukurasa baada ya ukurasa bila haraka, na utaratibu huo ulikuwa mtamu kwa Bochaberi, maana ulikuwa wa watu wanaotazama kitu kizuri.

"Ber," mzee mmoja akasema polepole, yaani ni nzuri.

Chifu alifika ukurasa wa mwisho, akarudi wa kwanza. "Mama Sheila, maua yako tumeona. Sasa tuonyeshe fence."

Bochaberi akaichukua albamu, akafunua kwa utulivu, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Dalia, na nyuma yake ukungu wa kijani usio na umbo. Waridi, na nyuma yake anga. Korongo, na nyuma yake maji. Kana, kana, kana. Kila ukurasa alijua kilichokuwa hapo pembeni, nje kidogo tu ya ukingo wa karatasi, na hakikuwemo. Alijaribu kuwaonyesha kwa kidole pale ambapo uzio ungekuwa kama picha ingeendelea, na kidole chake kikaangukia juu ya meza.

Onsongo aliomba ruhusa ya kusema, kwa upole uleule wa mazishini.

"Chifu, kamera ya huyu mama inaona mpaka umande. Fence anayosema inapita mtu kwa urefu. Kama ilikuwa hapo, miaka yote hiyo ilijificha wapi?"

Yule mzee aliyesifu akaiinua picha moja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake uliopinda. Ilikuwa ya Mayaka.

"Hapa palikatwa. Kulikuwa na nini?"

"Ojuok."

"Nani alikata?"

"Ni mimi."

Nyuma mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Chifu akauliza kwa nini, na Bochaberi akamwambia ukweli, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusema: kwa sababu ilikuwa mbaya. Aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake alijiona mjinga kuliko watu wote waliowahi kuketi mbele ya benchi lile. Chifu hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba hawezi kuandika kuwa kitu kilikuwepo kwa ushahidi wa mtu aliyekikata. Ushahidi wa rafiki au binti, alisema, hauhesabiki, na mashahidi wengine hawakujitokeza. Waya ungebaki ulipo. Akawaombea ujirani mwema, akaita kesi nyingine.

Mlangoni Onsongo alimsubiri ili atangulie yeye, mwanamke.

"Mama Sheila, usinichukie," alisema. "Ni picha zako zimeongea."

Alimchukia, na hakujisumbua kuificha chuki hiyo. Jumamosi iliyofuata Onsongo aliwaombea wajane kanisani, na Bochaberi akatoka nje katikati ya sala, mbele ya macho ya wote. Tumbaku ilikua ikafika kiunoni. Ilipuliziwa dawa, na korongo hawakushuka tena.

Baadaye, Jumapili moja mchana, Pauline alikuja na Yashica yake. Dalia moja ilikuwa imechipuka upande wa Bochaberi, kando ya kamba ya nguo, kutoka kwenye kiazi ambacho pengine plau ilikirusha. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, kubwa kama sahani. Pauline alitaka kumchangamsha rafiki yake. Akapiga magoti, akafunga jicho moja, akasogeza lenzi.

"Hebu vuta hiyo shina kidogo huku kwako," alisema. "Ndio waya isionekane."

Kabla Bochaberi hajawaza chochote, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshalishika shina na kuliinamisha, kwa ustadi, kiasi kile kile kilichotakiwa. Pauline akasema hapo hapo, usitikisike. Bochaberi aliutazama mkono wake kama mkono wa mwizi. Akaliachia shina, dalia ikarudi ilipokuwa, mbele ya miba na nguzo na tumbaku ya Onsongo.

"Mwalimu, wewe nenda tu nyumbani," alisema.

Pauline akateremsha kamera. Alisema hakuwa na nia mbaya, ni mazoea tu, na Bochaberi akamwambia anajua.

"Onsongo alitoa hiyo fence mara moja tu," akasema. "Mimi nimekuwa nikiitoa kila Jumapili tangu ninunue Zenit."